Kiambata cha Seleniamu katika Platinamu: Kitenzi cha Kiswahili na Kemia ya Changamano

Utangulizi

Katika mijadala ya wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Kenya, hoja moja imezoeleka mno: kwamba Kiswahili ni hodari katika ushairi, riwaya na siasa, lakini hukwama kifikapo mlangoni pa maabara. Watetezi wa lugha aghalabu huijibu hoja hiyo kwa orodha ya istilahi. Huitaja Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990, wakaonyesha jinsi atomu, elektroni na molekuli zilivyokwisha kupata makao. Wapinzani nao hutoa orodha yao ya maneno yanayokosekana. Pande zote mbili, bila kujua, zinakubaliana katika jambo moja: kwamba sayansi ni mkusanyiko wa nomino, na kwamba lugha yenye nomino za kutosha imeiweza sayansi.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Yanadai kuwa kinachoieleza kemia ni kitenzi kwanza, nomino baadaye, na kwamba mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili ni chombo ambacho waundaji wa istilahi hawajakitumia inavyostahili. Ili dai hili lisielee hewani, limechaguliwa tawi moja dogo la kemia, tena lililo mbali na mazoea ya idara za Kiswahili: changamano za platinamu zenye viambata vya seleniamu. Msomaji asiyeikumbuka kemia ya sekondari asitishike. Kila jambo litaelezwa kadiri linavyojitokeza. Ikiwa maelezo yatamkwama, basi dai la makala haya litakuwa limepata pigo, na hilo ndilo jaribio lenyewe.

Majina ya metali na ya mwezi

Platinamu ni metali nzito, nyeupe, isiyopata kutu, yenye namba atomia 78. Jina lake limetokana na neno la Kihispania lenye maana ya fedha ndogo, au tuseme kijifedha, kwa kuwa Wahispania waliokuwa wakichekecha dhahabu katika mito ya Amerika ya Kusini waliiona kuwa uchafu unaofanana na fedha. Seleniamu ina namba atomia 34. Iligunduliwa nchini Uswidi mwaka 1817 na Jöns Jacob Berzelius pamoja na Johan Gottlieb Gahn, katika mashapo ya kiwanda cha asidi ya salfa. Kwa sababu ilifanana na elementi nyingine iliyokuwa imepewa jina la ardhi kwa Kilatini, Berzelius aliipa jina la mwezi kwa Kigiriki. Ardhi ikapata mwandani wake. Huu ni mfano mzuri wa sitiari iliyomo katika msingi wa sayansi, ambayo wanasayansi wenyewe hawaisikii tena.

Je, Kiswahili kiseme seleni au seleniamu? Suala hili si dogo kama linavyoonekana. Katika vigezo vya uundaji istilahi vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi, ambavyo kila mwanafunzi wa istilahi huvikariri kabla ya mtihani, kuna iktisadi na kuna usahihi. Iktisadi inapendelea seleni, kwa kuwa ni fupi. Lakini katika mazungumzo ya Unguja neno seleni limewahi kutumika kwa maana ya shilingi, na mwanafunzi anayesoma kwamba mgonjwa ana upungufu wa seleni anaweza kucheka pasipofaa. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia seleniamu, na ili kulinda utaratibu, platinamu. Jirani wa seleniamu katika jedwali la elementi ni salfa, ambayo Kiswahili cha zamani kiliifahamu kwa jina la kiberiti kutoka Kiarabu, kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto.

Inafaa kukumbuka pia kuwa elementi hizi mbili hazikusubiri maabara ili zikutane. Mwaka 1992 wanajiolojia walieleza madini mapya kutoka eneo la Lubero, Kivu Kaskazini, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Madini hayo ni muungano wa platinamu na seleniamu, atomu 5 za ile kwa 4 za hii, na yaliitwa kwa jina la mahali yalipopatikana: luberoiti. Kivu Kaskazini ni eneo ambako Kiswahili ni lugha ya soko na barabara. Hivyo basi, anayesema kuwa platinamu na seleniamu ni mambo ya mbali yasiyowahusu wasemaji wa Kiswahili anapaswa kuitazama ramani upya.

Kushirikiana au kuchangia?

Vitabu vya shule hueleza kuwa atomu mbili huungana kwa kushirikiana elektroni: kila moja hutoa elektroni 1, na jozi inayopatikana huwa mali ya zote mbili. Maelezo hayo yanatosha kwa maji na kwa sukari. Hayatoshi kwa changamano.

Katika changamano, atomu ya metali huwa katikati, imezungukwa na atomu au molekuli nyingine. Kila mojawapo ya hizo zilizo pembeni huja na jozi kamili ya elektroni ambazo hazijafungwa popote, ikaielekeza kwa metali. Metali haitoi kitu katika jozi hiyo, inapokea tu. Huo si ushirika wa nusu kwa nusu. Ni mchango. Wakenya wanalifahamu neno hili kwa undani: katika mchango wa harusi au wa matibabu, anayechanga ndiye mwenye kutoa, na anayechangiwa hupokea, lakini baada ya hapo wawili hao wana uhusiano usiokuwapo awali. Istilahi changamano, inayotumika kwa kitu chenye sehemu nyingi zilizofungamana, ina shina linalofanana na la kitenzi changa. Hata kama ufanano huo ni wa bahati, ni bahati inayopaswa kutumiwa darasani. Seleniamu huchangia, platinamu huchangiwa, na kinachopatikana ni changamano.

Kile kinachochangia huitwa na wanakemia kwa neno linalotokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufunga, lililoingizwa katika kemia na Mjerumani Alfred Stock mwaka 1916. Likitoholewa huwa ligandi. Kwa sikio la Mswahili neno hili lina kichekesho chake: linasikika kana kwamba ni li- ya ngeli pamoja na shina la kitenzi ganda, yaani kushika na kutobanduka. Etimolojia hiyo ni ya uongo kabisa, ila maana yake ni ya kweli. Hatari ni kwamba mwanafunzi anaweza kuunda wingi wa magandi. Tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa kifungo, lakini kifungo kimekwisha kuchukuliwa na shati na gereza. Makala haya yanapendekeza kiambata, kutokana na kitenzi ambata, na yanaitumia hapa kama kisawe cha ligandi.

Sababu ya kulipendelea neno kiambata inahusu nomino na vitenzi kwa pamoja. Ambata lina jamaa: ambatana, ambatisha, ambua. Ganda nalo: gandama, gandamana, gandua. Bandika huzaa bandua. Ukoo huu wa vitenzi una jozi ambayo kemia ya changamano inaihitaji kila siku, yaani kushika na kuachia, na lugha inaitoa kwa kubadilisha kiambishi kimoja tu. Kiambishi cha kutendua -u-, ambacho wanafunzi hukichukulia kuwa sehemu kavu ya sarufi, ndicho kinachoeleza tendo kuu la kemia hii: kiambata kimoja kinabanduka, kingine kinabandikwa mahali pake. Ukiwa na ligandi peke yake huna kitenzi. Itakubidi useme kuwa ligandi imeondolewa kutoka katika nafasi yake ya muungano, sentensi inayochosha kabla haijafika mwisho.

Seleniamu huingia katika kazi hii kwa sura mbalimbali. Inaweza kuja ikiwa imebeba makundi mawili ya kaboni, moja kila upande, kama etha ambayo oksijeni yake imebadilishwa. Inaweza kuja na kundi moja la kaboni na chaji hasi. Inaweza kuwa sehemu ya selenourea, binamu wa thiourea. Na baadhi ya viambata huwa na atomu mbili za seleniamu zinazoishika platinamu kutoka pande mbili. Wanakemia Morgan na Drew waliviita viambata vya aina hiyo, mwaka 1920, kwa jina la Kigiriki la mguu wa kaa wa kukamatia. Mwambao wa Afrika Mashariki haukuhitaji kwenda Ugiriki: gando lipo. Kiambata cha gando hushika kwa nguvu zaidi, kwa kuwa hata upande mmoja ukibanduka, wa pili bado unashikilia, na ule wa kwanza hauko mbali, hurudi.

Piganisha na pigishana

Platinamu yenye chaji ya +2 hupenda viambata vinne, navyo hukaa katika pembe nne za mraba bapa, metali ikiwa katikati. Jambo hili lilithibitishwa kwa akili kabla ya kuonekana kwa macho. Mwaka 1844 Mwitalia Michele Peyrone alikuwa amepata changamano ya platinamu yenye amonia 2 na kloridi 2. Changamano nyingine yenye vipande vilevile kwa hesabu ileile ilikuwa na tabia tofauti. Mwaka 1893 Alfred Werner, aliyefanya kazi Zürich, alitoa hoja rahisi: kama viambata vinne vingekaa katika pembe za piramidi ya pembetatu, kungekuwa na namna moja tu ya kuvipanga. Kwa kuwa zipo mbili, lazima vikae katika mraba. Katika namna ya kwanza vilivyo sawa hukaa ubavuni mwa vyenzao. Katika ya pili hukaa mkabala, kila kimoja kikimtazama mwenzake kupitia kwa metali. Werner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Wanakemia huziita namna hizi mbili kwa viambishi vya Kilatini. Cha kwanza hakitoholeki: kikipewa irabu ya mwisho kinakuwa sisi, na sentensi zote zinageuka kuwa za nafsi ya kwanza wingi. Isomeri ya ubavu na isomeri ya mkabala zinatosha.

Mwanafunzi wa mofolojia hana sababu ya kushangazwa na isomeri. Achukue kitenzi piga, akiongeze kiambishi cha kutendana na cha kutendesha. Akianza na kutendana anapata pig-an-ish-a: wawili wanapigana, na wa tatu ndiye aliyewachochea. Akianza na kutendesha anapata pig-ish-an-a: kila mmoja anamfanya mwenzake apige. Vipande ni vilevile, idadi ni ileile, mpangilio ndio uliobadilika, na maana imebadilika nao. Hata hivyo ulinganisho huu una mpaka. Viambishi hupangwa katika mstari, ilhali viambata hupangwa kuzunguka metali; neno lina mwanzo na mwisho, mraba hauna.

Kuna tofauti nyingine inayofaa kukaziwa macho. Katika mraba wa platinamu, kiambata hutawala hatima ya kile kilicho mkabala nacho. Mrusi Ilya Chernyaev alilieleza jambo hili mwaka 1926. Viambata vingine vina uwezo mkubwa wa kumlegeza aliye mkabala, vingine vina uwezo mdogo. Amonia ni mpole. Kloridi ina nguvu kiasi. Viambata vya salfa na vya seleniamu viko katika ukoo wenye athari kubwa.

Jaribio la kale la Nikolai Kurnakov, la mwishoni mwa karne ya 19, linaonyesha mantiki hiyo vizuri. Thiourea, yenye kushika kwa salfa, humiminwa juu ya isomeri zote mbili za changamano ya Peyrone. Katika isomeri ya ubavu, thiourea 2 huzibandua kloridi 2 na kukaa mahali pao. Sasa kila thiourea iko mkabala na amonia. Inailegeza, amonia inabanduka, thiourea nyingine inabandikwa. Mwisho wake platinamu imezungukwa na thiourea 4. Katika isomeri ya mkabala, thiourea 2 nazo huzibandua kloridi, lakini baada ya hapo zinatazamana zenyewe kwa zenyewe, na amonia zinatazamana zenyewe kwa zenyewe. Hakuna wa kuilegeza amonia. Mmenyuko unakomea hapo. Kwa hiyo mtu asiye na mtambo wowote wa kisasa anaweza kuzitofautisha isomeri mbili kwa kutazama kilichobaki chomboni. Ifahamike kuwa aya hii imetumia vitenzi bandua, banduka, bandikwa, legeza na tazamana, na nomino za kigeni zilizomo ni majina ya vitu tu.

Ulaini

Kwa nini platinamu iipende seleniamu? Jibu la haraka, kwamba seleniamu huvuta elektroni kwa namna ya pekee, si sahihi. Kwa kipimo cha Pauling, uwezo wa kuvuta elektroni wa salfa ni 2.58 na wa seleniamu ni 2.55, tofauti hiyo ni kama haipo. Kinachotofautiana ni ukubwa. Seleniamu ni atomu kubwa zaidi, na wingu la elektroni zake za nje liko mbali na kiini, hivyo linabonyea na kuvutika kwa urahisi.

Mwaka 1963 Mmarekani Ralph Pearson alipendekeza kuzigawa pande mbili za mchango huu katika ngumu na laini. Vilivyo vigumu ni vidogo, vimejikaza, havibonyei. Vilivyo laini ni vikubwa na vyenye kubonyea. Kanuni yake ni kuwa kigumu hupatana na kigumu na laini hupatana na laini. Platinamu ya +2 ni laini. Oksijeni ni ngumu, salfa ni laini, seleniamu ni laini zaidi. Hapa Kiswahili hakikuhitaji kamati yoyote: laini na gumu vimo katika lugha tangu jadi, na vinabeba hata kivuli cha maana ya tabia ambacho sitiari ya Pearson inakihitaji. Urefu wa kifungo baina ya platinamu na seleniamu ni takribani pikomita 240, mrefu kidogo kuliko wa platinamu na salfa.

Mashahidi wawili

Mtu atauliza: mwanakemia anajuaje kuwa seleniamu imeambata na platinamu, na si kwamba vitu hivi viwili vinaogelea tu katika chombo kimoja? Platinamu na seleniamu ni miongoni mwa jozi chache ambazo pande zote mbili zina uwezo wa kutoa ushahidi.

Viini vya baadhi ya atomu hutenda kama sumaku ndogo. Vikiwekwa katika uga mkubwa wa sumaku na kupigwa kwa mawimbi ya redio, hujibu kwa sauti yao maalumu, na jibu hilo huchorwa kama kilele katika mchoro. Seleniamu yenye uzito wa 77, ambayo ni asilimia 7.6 ya seleniamu yote ya asili, ina tabia hiyo. Platinamu yenye uzito wa 195 nayo inayo, na ni asilimia 33.8, yaani theluthi moja hivi. Platinamu iliyosalia haina usumaku huo. Kwa lugha ya mahakama, haikuona wala haikusikia.

Sasa tuseme seleniamu imeambata na platinamu moja. Katika molekuli 66 kati ya 100, jirani yake ni platinamu bubu, na kilele cha seleniamu kinasimama peke yake katikati. Katika 34 zilizobaki, jirani ni platinamu yenye usumaku, ambayo inaweza kuelekea upande wa uga au kinyume chake. Seleniamu inaihisi tofauti hiyo, na kilele chake kinapasuka kuwa viwili, kimoja kila upande wa kile cha katikati, kila kimoja kikiwa na sehemu 17 hivi kwa mia. Mchoro unakuwa na kilele kirefu kilichosindikizwa na vifupi viwili. Kama seleniamu na platinamu zingekuwa zinaogelea tu bila kuambatana, wasindikizaji hao wasingeonekana. Kutoka upande wa pili, mchoro wa platinamu hubeba alama za seleniamu, hafifu zaidi kwa kuwa seleniamu yenye usumaku ni haba. Ni ushahidi wa pande mbili unaooana, na hakimu yeyote angeupokea.

Kipimo hichohicho kilifichua tendo ambalo halikutarajiwa na wengi. Seleniamu iliyobeba makundi mawili ya kaboni, na iliyoambata na platinamu, ina umbo la piramidi fupi. Piramidi hiyo hujipindua, kama mwavuli uliokutana na upepo, kisha hujipindua tena, bila kuiachia platinamu. Salfa hufanya hivyo kwa wepesi zaidi. Seleniamu inahitaji joto kubwa zaidi. Wanakemia hupasha mchanganyiko joto polepole huku wakitazama vilele viwili vikisogeleana hadi vikawa kimoja, na kutokana na joto hilo hukadiria nishati inayotumika kujipindua. Kitenzi hapa ni jipindua, si banduka, na tofauti baina ya vitenzi hivyo viwili ndiyo yote iliyokuwa ikitafutwa: je, kiambata kinaachia na kurudi, au kinageuka kikiwa kimeshika? Kama muundaji wa istilahi angeleta nomino mabadiliko kwa matendo yote mawili, swali lenyewe lisingeulizika.

Pamoja na hayo, changamano hizi zina matumizi katika utengenezaji wa vifaa. Baadhi yake zikichomwa huacha utando mwembamba wa platinamu na seleniamu, na tando za aina hiyo zimewavutia wanafizikia kwa sababu zikiwa na unene wa tabaka moja hupitisha umeme kwa namna isiyofanana na ya bonge zima. Huko si lengo la makala haya.

Figo

Mwaka 1965 Mmarekani Barnett Rosenberg na wenzake walitangaza kuwa bakteria waliowekwa katika umeme uliopita kwenye vipande vya platinamu waliacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Chanzo hakikuwa umeme bali changamano za platinamu zilizoyeyuka, na iliyopata sifa kuliko zote ikawa ile ya Peyrone, isomeri ya ubavu. Mwaka 1978 ilikubaliwa nchini Marekani kama dawa ya saratani, kwa jina la sisplatini. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hutumika pamoja na mionzi katika kutibu saratani ya mlango wa kizazi.

Namna inavyofanya kazi ni hadithi ya kubanduka. Katika damu kuna kloridi nyingi, hivyo kloridi mbili za dawa hukaa mahali pao. Ndani ya seli kloridi ni chache. Zinabanduka, maji yanachukua nafasi, na baadaye platinamu inaambata na nitrojeni za DNA, ikaikunja. Seli inashindwa kunakili urithi wake na kufa. Nitrojeni lakini si laini sana. Njiani platinamu hukutana na vitu laini kuliko hiyo, na baadhi yake ni vya seleniamu.

Mwili wa binadamu una protini chache zenye asidi amino iitwayo selenosisteini, ambayo ni sisteini iliyobadilishiwa salfa kwa seleniamu. Mojawapo ni kimeng'enya kiitwacho tioredoksini riduktasi, kinachosaidia kuikinga seli dhidi ya kuunguzwa na oksijeni. Katika hali ya kawaida ya mwili, ambapo kipimo cha uasidi ni takribani 7.4, seleniamu hiyo huwa imekwisha kuachia hidrojeni yake, kwa sababu huiachia tangu kipimo kikiwa kati ya 5 na 6. Salfa ya sisteini kwa kawaida huisubiri hadi kupita 8. Hivyo seleniamu iko wazi, ina chaji hasi, ina jozi ya kuchangia, na ni laini. Platinamu ikipita karibu, inanaswa, na kimeng'enya kinaacha kazi. Majaribio ya maabara yamethibitisha kuwa sisplatini hukizuia kimeng'enya hiki.

Swali la watafiti likawa: ikiwa seleniamu huinasa platinamu pasipotakiwa, je, haiwezi kutumwa mapema iinase kabla haijafika kwenye figo, ambazo ndizo huumia zaidi kwa dawa hii? Katika panya, misombo ya seleniamu imepunguza madhara ya sisplatini kwenye figo. Salfa imefika mbali zaidi: mwezi Septemba 2022 Marekani iliidhinisha tiosulfeti ya sodiamu kwa ajili ya kupunguza upotevu wa usikivu kwa watoto wanaotibiwa kwa sisplatini. Wengine wamejaribu njia tofauti, yaani kuunda dawa mpya ya platinamu ambayo tayari imebeba kiambata cha seleniamu. Dawa tatu za platinamu zinazotumika kote duniani, sisplatini, kaboplatini na oksaliplatini, hazina seleniamu hata moja. Tatizo linaeleweka kwa vitenzi vilevile: dawa ya aina hii inahitaji kiambata kinachokubali kubanduka kwa wakati wake, na seleniamu laini juu ya platinamu laini huganda.

Katika hospitali za Kenya, anayeyaeleza haya kwa mgonjwa mara nyingi ni muuguzi, na lugha huwa Kiswahili. Tuchukue kauli moja ya kubuni ya muuguzi wa aina hiyo: “Mama, dawa hii ina madini yanayoganda ndani ya chembe za uvimbe, zikashindwa kugawanyika. Lakini madini hayo hayachagui. Yakipita kwenye figo hukuta vitu vinavyoyavuta, yakaganda huko pia. Ndiyo maana tunakuwekea maji mengi kwenye mshipa, yakupitie upesi.” Mwanakemia atalalamikia neno madini, kwa kuwa platinamu iliyomo ni metali, na atakuwa na haki. Metali hata hivyo halimwambii mama kitu, na chuma lingempotosha zaidi. Kitenzi ganda hakina kasoro yoyote. Kinamwezesha hata mgonjwa kuuliza swali ambalo nomino isingemruhusu kuliuliza: “Sasa, mwanangu, yataganduka lini?” Vipimo vimekuta platinamu katika damu ya watu waliomaliza matibabu zaidi ya miaka 10 iliyopita.